Maji Nayo Yana Fishi Yake: Namna Ziwa, Mito na Mvua Vinavyopimwa



Siku ya kupima watoto mnaijua wote. Mama anaketi kwenye benchi, fishi ya mtoto iko mkononi. Zamu yake ikifika, tunamvua mtoto nguo, tunamtia katika mizani, tunasoma kilo, na tunatia alama ndogo kwenye fishi. Kisha tunaunganisha alama ya leo na alama ya mwezi uliopita. Ule mstari ukipanda, tunafurahi pamoja. Ukilala, tunauliza maswali. Ukishuka, hatumwachi mama arudi nyumbani bila shauri.

Mama anaweza kuuliza: "Juu ya nini munaandika kila mwezi? Mutoto wangu si namuona na macho?" Swali hilo ni zuri. Jibu lake ni hili: macho hayakumbuki vizuri. Mama anayembeba mtoto kila siku haoni kwamba amepungua nusu kilo, maana anapungua pole pole mbele yake. Fishi inaona, kwa sababu fishi inakumbuka.

Basi, katika somo hili tunataka kuonyesha kwamba ziwa letu, mito yetu na mvua yetu vinapimwa na kuandikwa kwa namna ile ile. Na kama mtu anauliza juu ya nini jambo hili limewekwa katika kitabu cha afya, ajue kwamba hapa Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu na kuendelea mpaka Makobola, maji yakibadilika, magonjwa yanabadilika pia. Maji yakiingia chooni, kolera haiko mbali na sufuria.

1. MAJI YETU NI YA NAMNA MBILI

Mji wetu umekaa katikati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika. Nafasi ni nyembamba. Nyuma ya nyumba ni mlima, mbele ya nyumba ni maji. Kwa hiyo hatari inaweza kutoka pande mbili.

Maji ya kwanza ni ziwa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilometa 650, na pahali penye kina kirefu ni karibu mita 1,470. Nchi nne zinalishiriki: Kongo yetu, Burundi, Tanzania na Zambia. Maji yanaingia kwa mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe, na kwa mito, kama Ruzizi inayotoka ziwa Kivu na Malagarasi inayotoka Tanzania. Lakini mto wa kutoka ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie. Na tena, sehemu kubwa ya maji haipiti Lukuga. Inapanda hewani kwa nguvu ya jua, kama vile nguo inavyokauka kwenye kamba. Sasa fikiri: mlango wa kutokea ni mdogo, na jua lina kipimo chake. Mvua ikizidi mwaka huu na mwaka ujao, ziwa linajaa, na halishuki upesi.

Maji ya pili ni mito inayotoka milimani: Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira na mingine midogo. Mito hii ni mifupi na inateremka kwa ukali. Wakati wa kiangazi hata mtoto anavuka bila kulowesha magoti. Lakini mvua kubwa ikinyesha juu mlimani, kwa muda mfupi mto unakuja na matope, mawe na miti.

Sisi waganga tunaweza kusema hivi: ziwa ni kama utapiamlo, linakuja pole pole na linaonekana katika fishi. Mto wa mlima ni kama degedege, unakuja kwa ghafula. Magonjwa haya mawili hayachungwi kwa njia moja. Na maji haya mawili vilevile.

2. NAMNA ZIWA LINAVYOPIMWA

Chombo cha kupima ziwa ni chepesi kukielewa. Ni ubao mrefu, wa chuma au wa mti, uliochorwa mistari na namba za sentimita kama rula ya mwanafunzi. Unasimamishwa ndani ya maji na kufungwa imara kwenye ukuta wa bandari au kwenye nguzo. Mtu wa kazi anafika kila siku saa ile ile, mara nyingi asubuhi, anatazama maji yamefika namba gani, na anaandika katika daftari: tarehe, saa, namba, na jambo lolote aliloliona, kama upepo mkali au mvua ya usiku. Vipimo vya namna hii vimewekwa katika bandari za ziwa letu kama Kigoma, Kalemie, Bujumbura na Mpulungu.

Kazi inaonekana ndogo, lakini ina sheria zake, na mama anayejua mizani ya mtoto atazitambua mara moja.

Kwanza, saa ni ile ile. Hatumpimi mtoto leo mbele ya kula, kesho baada ya kula na nguo nzito mwilini.

Pili, chombo hakihamishwi. Mizani ikisukumwa, kilo zinadanganya. Ubao wa ziwa ukigongwa na mtumbwi na kuinama, daftari yote inayofuata imeharibika. Kwa sababu hiyo wapimaji huweka alama nyingine ya saruji au ya chuma kwenye nchi kavu, pahali pasipotikisika, na kimo chake kinajulikana. Ubao ukipotea, mwingine unasimamishwa kwa kufuata alama ile, na mstari unaendelea.

Tatu, mawimbi yasikudanganye. Ziwa likichafuka, mpimaji anatazama wimbi linapanda mpaka wapi na kushuka mpaka wapi, kisha anachukua katikati. Pahali pengine wanajenga kisima kidogo au bomba kubwa lililounganishwa na ziwa kwa tundu dogo. Ndani yake maji yanatulia, na namba inasomeka vizuri.

Nne, namba haibuniwi. Kama mpimaji aliugua siku tatu, anaacha siku tatu wazi. Muuguzi anayeandika kilo ambazo hakupima anaweza kumwua mtoto, kwa sababu mwingine atakayesoma fishi ataamini. Nafasi tupu ni afadhali kuliko namba ya uongo.

Siku hizi kuna njia nyingine tena. Tangu mwaka 1992 satelaiti zinapita juu ya maziwa makubwa ya dunia. Zinatuma mshindo wa radio chini, unagonga maji na kurudi, na muda wa kwenda na kurudi unaonyesha maji yako umbali gani. Satelaiti inasaidia hasa pale ambapo vita au umaskini vimemfukuza mpimaji. Lakini haipiti kila saa, na mto mwembamba kama Mulongwe si rahisi kwake. Mtu mwenye daftari bado anahitajika.

Katika nchi yetu METTELSAT ndiyo inayoshughulika na hali ya hewa na mvua, na Régie des Voies Fluviales inapima maji ya mito na maziwa ambamo vyombo vinasafiri. Upande wa Burundi kazi hiyo iko mikononi mwa IGEBU. Si kazi mpya duniani. Misri walipima mto Nili tangu zamani sana, kwa kuwa mavuno yao yote yalitegemea mto ule. Katika kisiwa cha Roda, kule Cairo, iko nguzo ya mawe yenye alama za kupimia maji iliyojengwa mwaka 861, na mpaka leo imesimama.

3. MSTARI WA ZIWA UMETUONYESHA NINI?

Fishi ya mtoto ina miaka mitano. Fishi ya ziwa ni ndefu kuliko maisha ya mtu.

Inatuonyesha kwanza pumzi ya kila mwaka. Ziwa linapanda wakati wa mvua, linafika juu karibu na mwezi wa nne au wa tano, kisha linashuka kiangazi mpaka karibu na mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Katika mwaka wa kawaida tofauti haifiki mita moja. Hiyo si ugonjwa. Ni kawaida yake.

Lakini kuna miaka ambayo mstari unatoka njiani. Katika miaka ya 1870 wasafiri kutoka Ulaya walikuta mlango wa Lukuga umezibwa na matete na matope, na ziwa lilikuwa juu sana. Karibu mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, maji yakatoka kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka mita nyingi. Baadaye, mwisho wa mwaka 1961, mvua zisizo za kawaida zilinyesha Afrika ya Mashariki na ya Kati. Ziwa Tanganyika liliendelea kupanda mpaka mwaka 1964. Wazee wa pwani wanaukumbuka mwaka huo.

Kisha maji yalirudi chini. Mchanga ulionekana, ukakauka, na watu wakajenga juu yake. Watoto waliozaliwa pale walifikiri kwamba pale ni nchi kavu tangu uumbaji. Lakini mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipanda tena, na mwaka 2024 lilipanda zaidi, hata maji yakaingia katika nyumba, njia na bandari upande wetu na upande wa Bujumbura. Wengi walishangaa. Daftari haikushangaa. Daftari ilijua kwamba ziwa lilikwisha kufika pale miaka 60 mbele yake.

Kinshasa pia walijifunza neno hili. Kule vipimo vya mto Kongo vinaandikwa tangu mwaka 1902. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2024 maji yalipojaa mitaani, waliweza kuyalinganisha na yale ya Desemba 1961, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika daftari ile, na wakaona kwamba yamekaribia sana. Bila daftari, mtu angesema tu, "Maji ni mengi." Kwa daftari anaweza kusema, "Maji yamefika hapa, mara ile yalifika pale, basi tuwahamishe watu wa mitaa hii."

4. NAMNA MVUA INAVYOPIMWA

Mvua inapimwa kwa chombo kilicho wazi juu, kilichowekwa uwanjani mbali na miti na mbali na paa. Kila asubuhi mpimaji anasoma maji yaliyoingia ni milimeta ngapi, anaandika, anamwaga, na chombo kinaanza upya.

Milimeta ni kitu kidogo, lakini tusikidharau. Milimeta moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni litri moja kamili. Chukua nyumba yenye paa la mita nne kwa mita tano. Hiyo ni mita 20 za mraba. Mvua ya milimeta 50 inaangusha juu ya paa hilo litri 1,000, ndiyo bidoni 50 za litri 20. Mama aliyebeba bidoni moja kichwani anajua uzito wa hesabu hiyo.

Sasa toka kwenye paa uende mlimani. Kilometa moja tu ya mraba, kwa mvua ile ile, inapokea litri milioni 50, ndiyo bidoni milioni mbili na nusu. Pale penye miti na majani, udongo unakunywa sehemu ya maji na kuyaachilia pole pole. Pale palipokatwa miti kwa ajili ya makaa na palipolimwa bila matuta, maji yanateleza yote kwa pamoja na kuchukua udongo. Na yote yanatafuta njia moja ya kushukia, ndiyo mto unaopita katikati ya mtaa wetu.

5. NAMNA MTO UNAVYOPIMWA

Mto una ubao wa namba kama ziwa. Lakini kimo peke yake hakitoshi, tunapashwa kujua pia maji mangapi yanapita. Wapimaji wanapima upana wa mto, kina chake pahali mbalimbali, na mwendo wa maji. Kwa mwendo wanatumia chombo chenye kipanga kidogo kinachozungushwa na maji. Mtu asiye nacho anaweza kutupa kijiti na kuhesabu. Kijiti kikienda mita 20 kwa sekunde 20, mwendo ni mita moja kwa sekunde. Wapimaji wanapunguza kidogo hesabu hiyo, maana maji ya juu yanakimbia kuliko yale yanayosugua mawe ya chini.

Mto wa upana wa mita sita, kina cha nusu mita, mwendo wa mita moja kwa sekunde, unapitisha litri 3,000 kila sekunde. Ni bidoni 150. Mvua ikishuka, upana ukawa mita kumi, kina mita moja, mwendo mita tatu, basi ni litri 30,000 kila sekunde, ndiyo bidoni 1,500. Angalieni: kina kimeongezeka mara mbili tu, lakini maji yameongezeka mara kumi. Ndiyo maana mtu anayesema, "Bado ni ya magoti, nitavuka," anajidanganya. Maji ya magoti yanayokimbia yanaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse mama mwenye mtoto mgongoni.

Wapimaji wakiisha kupima mto mara nyingi, wakati wa maji machache na wakati wa maji mengi, wanatengeneza jedwali. Baada ya hapo, kusoma ubao peke yake kunatosha kujua maji yanayopita. Lakini mafuriko yakihamisha mawe na mchanga, jedwali linaharibika na kazi inaanza tena.

Na iko shida nyingine. Katika mto mrefu kama Kongo, maji yanaonekana juu siku nyingi kabla ya kufika chini, na watu wa chini wanaweza kuonywa. Mto wetu ni mfupi. Mtu anayesoma namba pale darajani anasoma maji yaliyokwisha kufika. Kwa mto wa namna hii, kipimo kinachookoa ni kile cha mvua juu mlimani, pamoja na mtu wa kule mwenye simu.

Hatuwezi kusahau mwezi wa nne wa mwaka 2020. Mvua kubwa ilinyesha, Mulongwe ukatoka katika njia yake, makumi ya watu wakafa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na kiwanda cha kusafisha maji cha Regideso kikaharibika. Familia nyingi zililia mara mbili: kwanza juu ya waliochukuliwa na maji, kisha juu ya kukosa maji ya kunywa.

6. DAFTARI MBILI ZA UVIRA

Sasa tunafika kwenye neno ambalo kila mama wa Uvira anapashwa kulijua.

Regideso iliandika kila siku maji mangapi yametolewa kwenye mabomba ya mji. Kituo cha kutunza wagonjwa wa kolera nacho kiliandika kila siku wagonjwa wangapi wamepokewa. Zilikuwa daftari mbili, kila moja katika nyumba yake. Watafiti walichukua vipimo vya miaka 2009 mpaka 2014 na kuvilinganisha siku kwa siku. Mwaka 2015 walitangaza walichokiona.

Waliona kwamba baada ya siku moja isiyo na maji ya bomba, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kolera walizidi mara mbili na nusu, kulinganisha na baada ya siku ambayo maji yalitolewa vizuri. Na kwa hesabu yao, karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile walitokana na kukatika-katika kwa maji.

Juu ya nini? Akina mama, ninyi mnajua. Robine ikikauka, bidoni inakwenda ziwani au mtoni, pale pale ambapo watu wanafua, wanaoga, na wengine wanajisaidia. Maji ya kunawa mikono yanapunguzwa ili yatoshe kupika. Siku chache baadaye mtoto anaanza kuhara.

Hakuna mtu aliyeliona jambo hilo wazi kwa macho tu. Lilikuwa limelala ndani ya daftari, likingoja mtu azifungue zote mbili pamoja. Kwa hiyo karani anayeandika namba za maji na muuguzi anayeandika majina ya wagonjwa wanafanya kazi moja.

7. KAZI AMBAYO MAMA ANAWEZA KUFANYA

Mtu asiseme, "Hii ni kazi ya wenye masomo makubwa." Chama cha akina mama, pamoja na mwalimu wa shule, wanaweza kuanza hivi:

a) Kopo la mvua. Tafuteni kopo lenye upande ulionyoka, lisilo na tumbo wala shingo. Lifungeni juu ya mti mfupi, uwanjani. Kila asubuhi saa moja ingizeni rula, someni milimeta, andikeni, mwageni. Kopo likiwa limenyoka, milimeta za rula ndizo milimeta za mvua.

b) Mti wa alama. Pwani au karibu na mto, chagueni nguzo au ukuta imara. Chorani mstari kila sentimita kumi. Kisha wekeni alama tatu: nyeupe mahali ambapo maji yanafika kila mwaka, ya manjano mahali ambapo yakifika yanakaribia vyoo na visima, nyekundu mahali ambapo yakifika yanaingia nyumbani. Waulizeni wazee maji yalifika wapi mwaka 1964, na wenye nyumba yalifika wapi mwaka 2021 na 2024. Chorani na alama hizo pia.

c) Simu ya mlimani. Makanisa yetu yana ndugu juu na ndugu chini. Patanisheni kabisa nani atapiga simu mvua ikiwa kubwa kule juu, na nani atapita mtaani kupiga kelele au ngoma. Ikiwa usiku, afadhali kuamshwa bure kuliko kutoamshwa.

d) Daftari. Iwe moja, ikae pahali pakavu, na atakayeshika kalamu ajulikane. Namba isiyopimwa isiandikwe.

Tena, kopo na mti haviondoi hatari. Tena-tena tunasema kwamba kipimo cha homa hakiponyi homa. Ukisikia ngurumo na kuona giza juu ya milima, toa watoto mtoni hata kama hapa chini jua linawaka. Usifue, usichote, usichimbe mchanga katika bonde wakati huo. Usingoje namba.

8. MAJI YAKIPANDA, TULINDE MATUMBO YA WATOTO

Maji yakifika alama ya manjano, mama afanye haya:

Ahesabu kwamba kisima na ziwa vimechafuka, hata kama maji yanaonekana safi. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja, au yatiwe dawa ya klorini kwa kufuata karatasi ya dawa ile, na yangoje dakika 30. Yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, maana matope yanakula dawa. Wenye kazi ya maji wanapima pia kama klorini imebaki: wanatia kidonge kidogo, na rangi ya pinki ikitokea, dawa iko. Wakija kupima bidoni yako usiwafukuze. Wanaisomea bidoni fishi yake.

Choo kikijaa maji, kisitumiwe. Mtaa uchimbe kingine juu zaidi, mbali na pahali pa kuchota. Mikono inawiwe kwa maji na sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, na mbele ya kupika na kulisha.

Mtoto akihara, apewe maji ya chumvi ya pakiti (ORS) mara moja. Kama pakiti haiko, chukua litri moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ampe kidogo kidogo, mara nyingi. Anyonyeshe bila kuacha. Na kama kuhara ni kama maji ya mchele, au mtoto anatapika bila kuacha, macho yameingia ndani, asingoje asubuhi. Amlete hospitali, njiani akiendelea kumnywesha.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Ziwa linapanda pole pole. Daftari inaliona mbele ya macho. Mto wa mlima unapanda ghafula. Mvua ya juu ndiyo inayotuonya. Siku bila maji safi ni mlango wa kolera. Pahali ambapo maji yalifika zamani, yanaweza kufika tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Katika mtaa wetu, maji yalifika wapi mwaka 2020, 2021 na 2024? Nani anaweza kutuonyesha?
2. Nani kati yetu ana ndugu juu mlimani mwenye simu?
3. Robine ikikauka siku mbili, sisi tunachota wapi, na tunayasafisha namna gani?

Yusufu kule Misri alipima nafaka katika miaka ya kushiba, na kwa hiyo watu walikuwa na chakula katika miaka ya njaa. Nasi tupime wakati maji yametulia. Mwezi ujao, mkija kupima watoto, mje na daftari ya mvua pia. Tutazisoma pamoja.

Mungu awalinde ninyi na watoto wenu.